Vitamini C na E zinalikinga ini na rangi za chakula? Tuziangalie tafiti zenyewe kwa makini

Kisima_Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kuna ujumbe unasambazwa sana kwenye makundi ya afya. Unasema rangi za vyakula vya viwandani zinaharibu ini, ila ukimeza vitamini C na E kila siku madhara hayo "yanasafishwa", na kwamba wanasayansi wamethibitisha. Tafiti zinazotajwa zipo kweli. Nafundisha biokemia na nimezisoma nyingi, na ndiyo sababu ujumbe huu unaniuma: jambo la kweli limechukuliwa, likakatwa kichwa na mkia, sasa watu wanauziwa vidonge kwa jina lake. Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Rangi nyingi za viwandani ni za kundi la azo. Molekuli zake zina atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na kifungo hicho ndicho chanzo cha rangi yenyewe kukolea. Humo mna tartrazini ya njano (E102), ile ya rangi ya chungwa (E110), karmoisini nyekundu (E122) na Allura Red (E129). Hizi zinazoruhusiwa zimeongezewa vikundi vya salfoneti, kwa hiyo zinayeyuka katika maji na utumbo unazifyonza kidogo sana zikiwa nzima. Wanaozivunja hasa ni bakteria wa utumbo mpana. Wanakikata kifungo cha naitrojeni, na vipande vinavyopatikana, amini za aromatiki, ndivyo vinavyofyonzwa na kupelekwa na damu moja kwa moja kwenye ini. Kwa tartrazini, kipande kinachojulikana zaidi ni asidi ya salfaniliki.

Ini likipokea kitu kigeni hukigeuza ili kiweze kutolewa kwa mkojo au nyongo. Katika kazi hiyo huzaliwa chembe huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo hunyang'anya elektroni popote zinapoipata. Zikigusa mafuta ya utando wa seli, molekuli moja ya mafuta ikiharibika humharibu jirani yake, naye wa pili yake. Mabaki ya uharibifu huo, malondialdehidi, hupimika. Seli ina walinzi wake: glutathioni, katalasi na superoksidi dismutasi. Walinzi wakizidiwa utando hupasuka, na vimeng'enya vya ndani ya seli, ALT na AST, huvujia kwenye damu. Ndivyo vile mnavyoviona kwenye karatasi ya majibu ya kipimo cha ini.

Mwaka 2010 watafiti wa Misri walichapisha kazi katika jarida la Food and Chemical Toxicology. Waliwapa panya wachanga wa kiume tartrazini kwa siku 30, kundi moja miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito na jingine miligramu 500. Karmoisini waliitoa kwa miligramu 8 na 100. Vipimo vya ini vilipanda. Kwa tartrazini ya kipimo kikubwa, glutathioni na vile vimeng'enya vya ulinzi vilishuka, malondialdehidi ikapanda. Kwa karmoisini hayo yalionekana hata kwenye kipimo kidogo. Mimi matokeo haya nayachukulia kwa uzito, na wanaosema "hizo rangi hazina neno" wayasome pia.

Tafiti za vitamini zimejengwa juu ya msingi huohuo. Kundi la kwanza la panya linapewa maji, la pili rangi, la tatu rangi pamoja na vitamini C au E au zote mbili. Mwishoni damu na ini vinapimwa. Kwa kawaida kundi la tatu linaonekana nafuu kuliko la pili: ALT na AST ziko chini, glutathioni iko juu, seli chini ya hadubini hazijavurugika sana. Na maelezo ya kikemia yanaeleweka. Vitamini E inakaa ndani ya utando wenyewe, kwenye mafuta, na huukata mnyororo wa uharibifu kwa kutoa elektroni yake. Ikishaitoa inakuwa imechoka. Vitamini C, inayokaa upande wa maji, huirudishia nguvu. Kwa hiyo zikitolewa pamoja kuna sababu ya kutarajia kinga kubwa kuliko ya moja peke yake.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Lakini panya hutengeneza vitamini C mwenyewe ndani ya ini lake. Binadamu hatuwezi. Jeni ya kimeng'enya cha mwisho cha kuitengeneza, kwetu imeharibika tangu enzi za mababu wa mbali sana, kama ilivyo kwa nyani wakubwa na simbilisi. Panya aliyepewa vitamini C kwenye jaribio ni mnyama ambaye tayari anayo ya kutosha na sasa ameongezewa juu yake. Ukitaka kujua ya binadamu ungeanza na simbilisi, na karibu kila utafiti wa rangi na vitamini ninaoujua umetumia panya. Zaidi ya hapo, mwili wa binadamu una dari. Ukishafika miligramu 200 hadi 400 za vitamini C kwa siku, kiwango chake kwenye damu karibu hakipandi tena. Utumbo hupunguza kufyonza na figo hutupa inayozidi. Kidonge cha miligramu 1,000 hakikupi kinga mara tano ya kile cha 200.

Halafu kipimo cha rangi. Miligramu 500 kwa kilo, ukizihamishia kwa mtu wa kilo 60 bila marekebisho, ni gramu 30 za rangi tupu kila siku. Wataalamu hurekebisha kwa kuwa mwili wa panya una kasi kuliko wetu, hivyo hugawanya kipimo cha panya kwa 6.2 hivi. Hata ukifanya hivyo unabaki na karibu gramu 4.8 kwa siku. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2009 iliacha kiwango kinachokubalika cha tartrazini kwenye miligramu 7.5 kwa kilo, yaani miligramu 450 kwa mtu huyohuyo. Kipimo cha panya kimeuzidi zaidi ya mara kumi. Vitamini iliyopunguza madhara ya mafuriko ya namna hiyo haijatuambia itafanya nini pale ambapo rangi ni kidogo, inaingia leo na kesho, kwa miaka.

Na vitamini katika majaribio mengi ilitolewa sambamba na rangi tangu siku ya kwanza. Kuzuia na kutibu ni mambo mawili. Neno "kusafisha" linadai la pili, wakati waliopima walipima la kwanza.

Kuna kisa cha zamani ambacho ujumbe ule haukitaji, na kwangu kina mafunzo kuliko tafiti zote za karibuni. Miaka ya 1930, Riojun Kinosita wa Japani aliwalisha panya rangi iliyokuwa ikitumika kuikoleza siagi unjano, dimethilaminoazobenzini. Panya wakapata saratani ya ini. Nayo ni rangi ya azo, ila haina zile salfoneti: inayeyuka katika mafuta, inafyonzwa vizuri na kufika kwenye ini ikiwa nzima. Baadaye ikaonekana kwamba panya waliochanganyiwa chachu au ini kwenye chakula chao walisalimika kwa wingi zaidi. Mwaka 1941 Kensler na wenzake wakaandika kwenye jarida la Science kwamba riboflavini, vitamini B2, ikiambatana na kaseini ambayo ni protini ya maziwa, iliwakinga panya kwa sehemu dhidi ya saratani hiyo.

Kwa nini B2? Kimeng'enya cha ini kinachokikata kifungo cha azo hutegemea riboflavini. Panya mwenye upungufu wake alishindwa kuikata ile rangi, ikabaki nyingi, ikapitia njia nyingine ya kugeuzwa na kuwa kitu kinachong'ang'ania protini za ini. Mwaka 1947 James na Elizabeth Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha rangi hiyo ikiwa imeshikamana na protini ndani ya ini la panya, na kazi yao ikawa msingi wa namna tunavyoelewa jinsi kemikali zinavyoleta saratani.

Hebu liangalieni hilo vizuri. Vitamini ilikinga kwa sababu ini lilikuwa na kazi mahususi ya kufanya na halikuwa na kifaa chake. Aliyenufaika ni yule aliyepungukiwa. Msimamo wangu ndio huo: mwenye upungufu wa vitamini, akiupata mlo kamili, analipatia ini lake uwezo halisi wa kukabiliana na rangi na sumu nyingine. Aliyeshiba vitamini akiongeza vidonge juu yake sioni ushahidi kwamba anapata kinga ya ziada. Rangi yenyewe dawa yake ni kuipunguza mdomoni.

Karibuni tujadili.

Mama_Nuru

Asante sana mleta uzi, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu ni la mzazi. Mwanangu ana miaka minne na anapenda mno vinywaji na peremende za rangi. Nimekuwa nikimpa vitamini C ya kutafuna kila siku nikiamini inamkinga. Je, niendelee au niache?

Kisima_Kirefu

Dada, swali zuri na la msingi. Mtoto ni mdogo wa mwili, kwa hiyo chupa ileile ya kinywaji inampa kipimo kikubwa kwa kila kilo yake kuliko inavyokupa wewe. Mtoto wa kilo 15, kwa kile kiwango cha EFSA cha tartrazini, mpaka wake ni miligramu 112 hivi kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 ana mara nne ya hapo.

Vitamini C anayohitaji mtoto wa miaka minne hadi minane ni miligramu 25 kwa siku kwa mapendekezo ya Marekani. Chungwa moja linaivuka hiyo kirahisi. Akila matunda, ya kutafuna haimwongezei kitu. Tena geuza kopo usome: baadhi ya vitamini za kutafuna za watoto zimetiwa rangi zilezile tunazozijadili hapa, na ladha yake tamu humfanya mtoto azione kuwa peremende, kwa hiyo ziwe mbali na mkono wake.

Nikuongezee jambo moja. Kwa watoto wenyewe, ushahidi mzito zaidi wa rangi hizi hauhusu ini. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha kwenye jarida la tiba la Lancet jaribio la watoto wa miaka mitatu na wa miaka minane hadi tisa. Waliopewa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti walionyesha kuhangaika na kukosa utulivu zaidi. Athari haikuwa kubwa na haikuwa sawa kwa kila mtoto, lakini kuanzia Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi sita, zikiwemo E102, E110, E122 na E129, viandikwe onyo kuhusu utulivu na usikivu wa watoto. Kwa hiyo ukimpunguzia vinywaji vya rangi unapata faida ambayo vitamini haiwezi kukupa.

Ngao_ya_Chuma

Mkuu, nakuheshimu ila hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Hao EFSA wanakipata kiwango chao kwa kuchukua kipimo ambacho hakikuwadhuru wanyama kisha wanakigawanya kwa 100. Kwa hiyo 7.5 maana yake miligramu 750 kwa kilo haikuleta madhara. Sasa watafiti wa Misri wanasema 500 imeharibu ini ndani ya siku 30. Mmoja wao amekosea. Na kama aliyekosea ni wa pili, basi hata hiyo kinga ya vitamini ni kinga dhidi ya kitu ambacho hakipo.

Kisima_Kirefu

Ngao, umegusa penyewe, na hoja yako inastahili jibu refu kidogo.

Si lazima mmoja awe amekosea, kwa sababu hawakupima kitu kimoja. Majaribio yanayotumiwa kuweka viwango huwa ya muda mrefu, wanyama wengi, rangi imechanganywa kwenye chakula, na kinachotafutwa ni uvimbe, uzito kushuka, viungo kubadilika, uzazi kuathirika. Majaribio ya maabara za vyuo mara nyingi yana wanyama wachache kwa kila kundi, rangi hupitishwa kwa mrija hadi tumboni kwa mkupuo mmoja, na kinachotafutwa ni mabadiliko ya mapema ya kikemia. Mkupuo mmoja unapandisha kiwango ndani ya mwili kwa namna ambayo chakula cha kutwa nzima hakifanyi. Usafi wa rangi nao una maana: rangi ya daraja la chini hubeba mabaki ya amini kutoka kiwandani, na mabaki hayo yanaweza kuwa na madhara kuliko rangi yenyewe.

Kumbuka pia kwamba kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mwaka 2016, iliipitia upya tartrazini na kukipandisha kiwango hadi miligramu 10 kwa kilo. Hawakuogopa. Mimi binafsi nadhani mabadiliko ya glutathioni kwa panya ni dalili ya ini kufanya kazi ya ziada, na kazi ya ziada si ugonjwa. Lakini sikubaliani na hitimisho lako kwamba hakuna kitu. Ini linaloishiwa na glutathioni leo ndilo litakalolemewa na dawa au pombe kesho. Paracetamol inatuonyesha hilo kwa binadamu: ikizidi kipimo, glutathioni ya ini inakwisha, na ndipo seli zinakufa. Dawa yake hospitalini, N-asetilisisteini, kazi yake kubwa ni kulirudishia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni. Na hapo napo ikitolewa mapema inaokoa, ikichelewa inapungua nguvu.

Ngao_ya_Chuma

Hapo kwa paracetamol nimekuelewa. Bado nasimama kwamba watu wasitishwe na panya wa mkupuo, lakini nakubali hoja ya ini kulemewa na vitu viwili kwa wakati mmoja.

Dozi_Kamili

Mimi ni mfamasia. Naomba niongeze upande wa vidonge, kwa sababu watu wanavichukulia kuwa havina madhara.

Vitamini A ndiyo ya kuogopwa kwanza. Kwenye orodha za "antioksidanti za ini", yaani vitu vya kuzima chembe huru, huwa imo, na ini ndilo ghala lake. Ikijazana huliharibu ini hilohilo hadi kuacha makovu. Mtu anaweza kuingia dukani akitafuta kulinda ini na kutoka na kitu cha kulidhuru. Kwa mjamzito ni mbaya zaidi maana kipimo kikubwa hudhuru mimba.

Betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A: nchini Finland walifanya jaribio kwa wanaume 29,133 wavuta sigara, matokeo yakatoka 1994. Waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Watu walitarajia kinyume chake kabisa.

Vitamini E: jaribio la SELECT, Marekani na Kanada, lilitumia vipimo 400 vya kimataifa (IU) kwa siku kwa wanaume wenye afya, na ripoti ya 2011 ilionyesha saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongeza vitamini E nyingi anaweza kutokwa na damu kirahisi. Vitamini C nyingi kwa aliyewahi kuwa na mawe ya figo ni hatari ya kuyarudisha, na mwenye ugonjwa wa kulimbikiza chuma mwilini asiiguse bila daktari, kwa kuwa inaongeza ufyonzaji wa chuma, na chuma kikizidi kwenye ini kinazalisha chembe huru zilezile mnazozikimbia.

Hivi vitu vina kipimo. Chakula chenye matunda, mboga, karanga na mafuta ya mbegu kinakupa C na E bila kukufikisha huko.

Swali_Halifi

Dozi Kamili, sasa mbona ndugu yangu mwenye mafuta kwenye ini aliandikiwa vitamini E na daktari bingwa? Kama haifai, wanaitoa ya nini?

Dozi_Kamili

Ndugu, hapo daktari yuko sahihi, nami sikusema haifai. Kuna jaribio la PIVENS lililochapishwa 2010. Watu wazima 247 wenye mafuta na uvimbe kwenye ini, wasio na kisukari, sehemu yao walipewa vitamini E vipimo 800 kwa siku kwa wiki 96. Asilimia 43 ya waliopewa ini lao lilionekana kuwa nafuu kwenye kipande kidogo cha ini kilichokatwa na kupimwa, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Makovu hayakupungua kwa namna ya kutegemewa. Kwa mgonjwa aliyepimwa, anayefuatiliwa, hasara na faida zimepimwa kwenye mizani na daktari wake. Ugonjwa huo chanzo chake si rangi za chakula, kwa hiyo matokeo yake hayahamishiki kwa mtu mzima wa afya anayekunywa soda nyekundu.

Kisima_Kirefu

Naunga mkono kila neno. PIVENS inatuthibitishia jambo moja muhimu: kwamba vitamini E inafika kwenye ini la binadamu na kufanya kazi huko. Kwa hiyo anayesema antioksidanti ni hadithi tupu naye hajasoma. Ila jaribio la binadamu kwa rangi za chakula pamoja na vitamini, lenye kiwango hicho cha umakini, halimo kwenye tafiti ninazozijua.

Mkulima_Msomi

Mnazungumzia rangi zinazoruhusiwa. Mimi wasiwasi wangu mkubwa uko kwa zisizoruhusiwa, zile za kupaka nguo na plastiki zinazoingizwa kwenye viungo vya unga ili vionekane vimekolea. Sudani I ni mojawapo. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya sosi moja iliyotengenezwa kwa pilipili yenye rangi hiyo. Metanili ya njano nayo hukutwa kwenye unga wa manjano, kile kiungo cha chakula. Je, hapo vitamini inasaidia?

Kisima_Kirefu

Mzee wangu, asante kwa kulileta. Hapo hali inabadilika kabisa. Sudani I na metanili hazina kiwango kinachokubalika, hata kidogo. Sudani I haina salfoneti, ni ya mafuta, inafyonzwa kama ile rangi ya siagi ya Kinosita, na kwa panya imeleta uvimbe wa ini.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kwenye rangi ya siagi, kukatwa kwa kifungo cha azo kulikuwa kunaiondolea sumu, ndiyo maana B2 ilisaidia. Kwa rangi nyingine, kukatwa huko ndiko kunakotoa amini yenye sumu kuliko rangi yenyewe. Rangi za nguo zenye benzidini ndivyo zilivyo: zikikatwa hutoa benzidini, inayojulikana kuleta saratani ya kibofu kwa binadamu. Kwa hiyo hakuna vitamini moja unayoweza kuiita kinga ya "rangi" kwa ujumla. Inategemea rangi gani, na ini linaifanyia nini.

Wengine huchanganya manjano na kromati ya risasi ili yang'ae. Hiyo si rangi ya azo, ni madini ya risasi yenyewe, na inashambulia ubongo wa mtoto kabla hujafikiria ini. Vitamini C haikukingi hapo. Ukiweza, nunua viungo vikiwa vizima usage mwenyewe.

Mama_Nuru

Kwa hiyo nikiona E yoyote kwenye paketi niiache?

Kisima_Kirefu

Hapana dada, usiiogope herufi. E ni namba ya utambulisho tu, na humo mna vitamini zenyewe. E101 ni riboflavini, B2 ileile ya mwaka 1941, ambayo ni ya njano kwa asili na hutumika kama rangi. E160a ni karotini. E300 ni vitamini C, na E306 hadi E309 ni vitamini E, zinazowekwa ili mafuta yasichache. Unazotaka kuzipunguza kwa mtoto ni hizi: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Ongeza E127, eritrosini, ambayo Januari 2025 Marekani iliifutia kibali kwenye chakula kwa sababu ya uvimbe wa tezi ya shingo kwa panya dume. Ziandike kwenye simu yako uwe nazo unaponunua.

Na "rangi ya asili" isikupe imani kupita kiasi. E120 hutoka kwa wadudu, na kuna watu inawaletea mzio mkali.

Swali_Halifi

Swali langu la mwisho. Nataka kupima ini wiki ijayo. Niache hizi vitamini kwanza au haina shida?

Bomba_la_Sampuli

Nijibu mimi, niko maabara. Mwambie anayekutoa damu kila kitu unachomeza, vitamini na dawa za mitishamba zote. Mitishamba hasa usiifiche, maana Marekani karibu moja ya tano ya wagonjwa wa ini lililoharibiwa na dawa, waliofuatiliwa na mtandao wa utafiti wa huko, waliharibiwa na mitishamba na virutubisho.

Vitamini C ya kipimo kikubwa inavuruga baadhi ya vipimo vyetu. Kwenye kijiti cha mkojo inaweza kuifanya bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, isionekane wakati ipo, na bilirubini kwenye mkojo ni moja ya dalili za mapema za ini kuwa na tatizo. Inaficha pia damu na sukari kwenye kijiti hichohicho. Kama ni ya kujinunulia mwenyewe, isitishe siku chache kabla ya kipimo. Kama ameiandika daktari, usiisitishe bila kumuuliza.

Usifanye mazoezi mazito siku mbili tatu kabla. AST na kidogo ALT zinatoka pia kwenye misuli, na nimeona majibu ya watu wa mazoezi yakipanda wakati ini lao ni zima. Na ALT ikirudi juu kidogo mara moja, usikimbilie dukani kununua chochote. Rudia kipimo, upimwe homa ya ini B na C, uulizwe pombe, dawa na uzito. Rangi za chakula zitakuja mbali sana kwenye orodha ya daktari, na homa ya ini B ina chanjo kwa ambaye bado hajaipata.

Swali_Halifi

Nimekuelewa mkuu. Nitaomba na hicho cha homa ya ini siku hiyohiyo.